Kamera Baada ya Kustaafu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Picha za Wanyama na Mandhari Mwanza na Kando ya Ziwa

Majibu haya ni kwa ajili ya wastaafu wa Mwanza, Sengerema, Magu, Ukerewe na popote pale kando ya Ziwa Victoria. Maswali ni yale ambayo wastaafu wenzangu huniuliza tukikutana ufukweni, sokoni au kwenye foleni ya kuhakiki pensheni.

Nina miaka sitini na kitu na sijawahi kushika kamera. Sijachelewa?

Hujachelewa. Picha za viumbe na mandhari zinahitaji muda kuliko kitu kingine chochote, na muda ndio mstaafu alio nao. Kwazi, yule tai wa ziwani mwenye kichwa cheupe ambaye wengine humwita furukombe, anaweza kukaa juu ya mti mkavu saa nzima bila kujitikisa, kisha akateremka majini, akanyakua samaki na kurudi mtini ndani ya sekunde chache. Mwenye kazi ya kuajiriwa huwa ameshaondoka kuwahi daladala. Wewe unaweza kumsubiri, na kesho ukarudi palepale.

Kurudi palepale ndilo jambo ninalolisisitiza kwa kila anayeanza. Usihangaike kutafuta sehemu mpya kila wiki. Chagua kipande kimoja cha ufukwe au mwamba mmoja, ukijue asubuhi na jioni, mvua na kiangazi. Ndege wa pale watakuzoea, nawe utajua kila mmoja hutua wapi.

Simu yangu inatosha kuanzia?

Kwa mandhari inatosha kabisa. Miamba, mawingu, mitumbwi na machweo havihitaji lenzi ndefu. Futa kwanza kioo cha kamera ya simu kwa kitambaa laini, maana mafuta ya vidole ndiyo yanayoleta ule ukungu kwenye picha nyingi. Washa mistari ya gridi ili ziwa lisilale upande. Ukipiga machweo, gusa skrini penye anga linalong'aa, kisha shusha mwanga kidogo kwa kidole. Rangi za anga zitarudi na miamba itabaki vivuli vyeusi vyenye umbo zuri.

Kwa ndege aliye mbali, simu nyingi zitakuangusha. Ukikuza kwa vidole kupita uwezo wa lenzi yenyewe, simu hukata kipande cha picha na kukipanua tu, na ndege hubaki doa. Lakini wapo viumbe wanaokubali kusogelewa, kama mijusi, vipepeo, kereng'ende na konokono. Maliza msimu mmoja na simu uliyonayo kabla hujafikiria kununua kitu.

Nikitaka kamera hasa, ninunue ipi?

Nianze na fedha. Fedha ya mkupuo isinunue kamera. Nyumba, ada za wajukuu na matibabu vitangulie, kisha weka kando kidogokidogo kutoka pensheni ya kila mwezi. Kamera hazitaisha madukani, na bei ya zilizotumika huzidi kushuka kadiri mpya zinavyotoka.

Kwa mstaafu anayeanza, mimi napendekeza kamera ya lenzi moja isiyobadilishwa yenye mkuzo mrefu. Ni nyepesi, inafika kwa ndege na inapiga mandhari pia, na hulazimiki kufungua lenzi kwenye vumbi. Picha zake hazitafikia za kamera kubwa jioni mwanga unapopungua, ni kweli. Lakini kamera unayoibeba kila siku itakupa picha nyingi kuliko ile nzito inayobaki kabatini kwa sababu ya mgongo.

Ukipenda kamera ya kubadilisha lenzi, ya mtumba inafaa ukiikagua vizuri. Lenzi ya milimita 18–55 kwa mandhari na nyingine ya 70–300 kwa wanyama zinatosha miaka mingi; milimita chache huona eneo pana, nyingi huvuta kilicho mbali. Mulika tochi ndani ya lenzi na utazame upande wa pili: ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, achana nayo. Uliza shata, yaani kile kipazia kinachofunguka na kufunga kila unapopiga, imepiga mara ngapi. Hakikisha betri za aina hiyo bado zinapatikana. Kisha ining'inize shingoni, uzunguke nayo dukani kwa dakika kumi kabla hujatoa hela. Shingo yako itakupa jibu.

Macho yangu yamepungua nguvu na mikono inatetemeka. Nitaweza?

Pembeni ya kitundu cha kutazamia, kamera nyingi zina kigurudumu kidogo ambacho watu hukipita bila kukiona. Kinarekebisha kioo kifuate jicho lako. Kizungushe mpaka maandishi ya ndani yasomeke wazi. Wengi huweza kutazama bila miwani baada ya hapo. Kamera yenyewe ndiyo inayolenga, kwa hiyo usiogope kwamba macho yako yataharibu picha.

Kuhusu mikono, nunua kamera au lenzi yenye kituliza mtikisiko. Pia ongeza kasi ya shata. Kanuni ya zamani inasema kasi isiwe chini ya urefu wa lenzi: lenzi ya milimita 300 ipate angalau 1/300 ya sekunde. Mtu mwenye mtetemo aiongeze mara mbili, afike 1/600 au zaidi. Halafu jifunze kuegemea. Miamba ya Mwanza iko kila mahali, iegemee. Shona kimfuko cha kitambaa kigumu, ukijaze maharage au mchele, kiweke juu ya jiwe, ukingo wa mtumbwi au dirisha la gari, na ulaze lenzi juu yake. Hakuna kifaa cha dukani kinachonipendeza kuliko hiki, na maharage yenyewe unaweza kuyapika ukirudi.

Saa ngapi ni nzuri kupiga picha?

Mwanza iko karibu na nyuzi 2.5 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo jua hupanda na kushuka karibu wima. Ule mwanga laini wa dhahabu haudumu. Jua huchomoza kati ya saa 12:30 na saa 1:00 asubuhi kufuatana na miezi, na kuzama kati ya saa 12:30 na muda mfupi baada ya saa 1:00 jioni. Uwe umefika na kujiweka sawa nusu saa kabla. Kufikia saa 3 asubuhi vivuli vimeshakuwa vikali, nawe unaweza kurudi nyumbani kunywa chai.

Jiulize pia jua linatokea wapi. Mwanza mjini ziwa liko upande wa magharibi, na jua la asubuhi linatoka nyuma ya vilima. Ndiyo maana Capri Point na Jiwe la Bismarck, yale mawe yaliyopandana majini karibu na kivuko cha Kamanga, hupigwa picha jioni. Anayetaka jua likichomoza juu ya maji avuke ghuba. Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, lilifunguliwa Juni 2025, na sasa safari ile haisubiri kivuko. Ukiwa upande wa Busisi asubuhi unatazama mashariki, jua linapanda juu ya ghuba. Ukiwa upande wa Kigongo jioni, linazama ng'ambo. Ukiwakuta walinzi karibu na daraja, wasalimie na uwaulize mahali unaporuhusiwa kusimama kabla hujatoa kamera.

Wengi hufunga mikoba jua likishazama. Subiri. Dakika kumi na tano hadi ishirini baadaye anga la ziwani mara nyingi huwaka upya kwa zambarau na nyekundu, na maji hutulia.

Na msimu gani?

Wengi hudhani kiangazi, kwa sababu hakuna mvua. Mimi napenda zaidi vuli, Oktoba hadi Desemba, na masika, Machi hadi Mei. Kuanzia Juni hadi Septemba anga hujaa vumbi na moshi wa nyasi zinazochomwa, na visiwa vya mbali hufifia. Mvua ikishanyesha hewa husafishika na miamba hugeuka rangi, ikalowa na kung'aa. Mawingu ya dhoruba yanayojikusanya juu ya ziwa ni mandhari ambayo Dar es Salaam hawana.

Dhoruba kubwa za ziwa mara nyingi huja usiku na kuelekea alfajiri, kwa sababu usiku maji hubaki na joto kuliko nchi kavu na hewa hukusanyika juu yake. Kwa hiyo asubuhi baada ya mvua ya usiku, amka.

Kati ya Oktoba na Aprili wapo pia ndege wahamaji waliokimbia baridi ya Ulaya na Asia, wakiwemo mbayuwayu na aina kadhaa za chamchanga. Na nyakati fulani, hasa karibu na mwezi mwandamo, wadudu wadogo wa ziwani hutoka majini kwa mamilioni na kupanda angani mithili ya nguzo za moshi. Ukiziona nguzo hizo kwa mbali na mwanga wa jioni ukizipiga kwa nyuma, acha kila kitu upige.

Nianzie wapi bila kulipa kiingilio wala nauli kubwa?

Anzia ulipo. Jiji hili limejengwa juu ya miamba ya matale yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2, iliyochongwa na mvua na jua mpaka mawe yakabaki yamekalia mawe. Watu wamejenga katikati yake, na wanyama hawakuhama.

Tazama mjusi kafiri. Aina inayoishi kwenye miamba yetu hubeba jina la mji katika majina ya kisayansi, *Agama mwanzae*. Dume lililokomaa lina kichwa, shingo na mabega mekundu yanayokaribia zambarau, na mwili wa buluu iliyokolea; jike ni la kahawia. Hujitokeza jua likishapasha jiwe joto, yaani saa 3 na kuendelea, wakati ule mwanga mzuri wa ndege umeshaisha. Hapo ndipo mwenye simu hupata picha ya kumshangaza mwenye kamera ya mamilioni. Kaa chini, macho yako yalingane na yake, usimfunike kwa kivuli chako. Akitikisa kichwa juu na chini anatangaza kwamba jiwe ni lake. Piga wakati kichwa kiko juu.

Pimbi nao wamejaa kwenye mawe ya vilima. Asubuhi ya baridi hutoka kuota jua, wakajipanga mmoja juu ya mwingine, watoto migongoni. Mlinzi wao akipiga kelele wote huingia mapangoni, lakini ukikaa kimya robo saa watarudi.

Ukienda Mwaloni, Kirumba, kwenye soko la samaki, tafuta korongo wakubwa wenye vichwa vya upara na mfuko shingoni. Watu wengi hawawapendi. Mimi nawaona wazee wa heshima, na picha ya karibu ya uso wake ina mikunjo na rangi usizozitarajia. Mwewe huruka chinichini wakinyakua mabaki, hivyo ni mahali pazuri pa kujifunza kufuata ndege anayeruka. Kwenye mafunjo na matete utakutana na mnana wakisuka viota, yangeyange, mnandi wakianika mabawa, na mdiria mweusi kwa mweupe anayesimama angani juu ya maji huku akipiga mabawa kabla ya kujitupa. Huyo mdiria ni zawadi kwa anayejifunza, maana husimama angani sehemu moja kwa sekunde kadhaa.

Kwazi akiteremka kuchukua samaki, niiwekeje kamera?

Kasi ya shata 1/2000 ya sekunde au karibu na hapo. ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, iache ijipange yenyewe. Washa upigaji wa mfululizo na ulengaji unaomfuata kiumbe anayetembea. Halafu punguza mwanga kidogo, kama theluthi mbili ya hatua moja kwenye kipimo cha mwanga cha kamera, kwa sababu kamera huona mwili mweusi wa ndege na kuongeza mwanga, na kichwa cheupe kinaungua mpaka hakibaki na unyoya unaoonekana.

Lililo muhimu kuliko namba ni mahali unaposimama. Ndege huanza kuruka akielekea upepo unakotoka. Asubuhi na mapema, upepo kando ya ziwa hutoka nchi kavu kwenda majini. Mchana hugeuka, ukatoka ziwani. Sasa fikiria ufukwe wa Mwanza unaotazama magharibi, alfajiri: jua liko mgongoni kwako, upepo uko mgongoni kwako, na kwazi aliye kwenye mti mbele yako ataruka akielekea kwako, uso wake ukiwa na mwanga. Saa 8 mchana kila kitu kimegeuka, na utapata picha za mikia. Anayeelewa hili hahitaji bahati nyingi.

Mtazame pia yeye mwenyewe. Kabla ya kuruka huinama mbele, hujibana manyoya, na mara nyingi hujisaidia. Ukiona hivyo weka kidole tayari.

Wapo wenye boti wanaowarushia ndege samaki ili wapigwe picha. Nikubali?

Mimi nakataa. Kwazi ana uwezo wa kuvua mwenyewe, na ndege aliyezoeshwa kufuata boti hujiweka karibu na nyavu na mitego. Hata picha zenyewe hufanana, mkao mmoja na samaki mmoja aliyekufa. Hali kadhalika kukata matawi ili kiota kionekane, kurushia pimbi mawe ili watoke, au kupiga sauti ya ndege kwenye simu mfululizo wakati wa kutaga. Mama akiacha mayai kwa sababu yako, jua au mwewe atayamaliza.

Hifadhi ya Saanane inafaa kwa mtu wa umri wangu?

Inafaa sana. Kisiwa cha Saanane kimo ndani ya jiji, na boti kutoka Capri Point huchukua muda mfupi tu. Ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2013, ndogo kuliko zote nchini, kama kilomita za mraba 2.18 pamoja na maji yake. Kabla ya hapo ilikuwa bustani ya wanyama iliyoanzishwa mwaka 1964, na jina lake linatokana na mzee Saanane Chawandi aliyeishi pale. Utaona swala pala, tumbili, pimbi, kenge, na mamba kando ya maji. Kwa kuwa unatembea kwa miguu, unaweza kukaa na mnyama mmoja muda mrefu bila dereva kukuharakisha.

Kiingilio cha raia hulipwa kwa shilingi na ni nafuu mno ukilinganisha na cha wageni. Beba kitambulisho cha taifa. Vaa viatu vyenye kushika mawe, chukua fimbo kama magoti yanasumbua, na mwambie mhifadhi mapema usichokiweza. Wanajua njia za tambarare na za kupanda.

Na Serengeti au Rubondo?

Ukiwa Mwanza, Serengeti iko karibu kuliko watu wengi wanavyofikiri. Lango la Ndabaka liko kwenye barabara ya Mwanza–Musoma, chini ya kilomita 150, na linaingia ukanda wa magharibi wenye Mto Grumeti. Nyumbu hupita ukanda huo kwa kawaida kati ya Mei na Julai, ingawa mvua ndizo zinazoamua. Gharama kubwa ni gari, kwa hiyo nendeni wanne au watano mkichangia. Mkubaliane kabla ya kuondoka kwamba ni safari ya picha, gari litasimama muda mrefu, na injini itazimwa mkifika kwa mnyama. Injini ikiwaka, gari zima linatetemeka na kimfuko cha maharage hakitasaidia.

Rubondo ni habari nyingine. Ni kisiwa cha msitu, hifadhi tangu 1977, chenye sokwe waliopelekwa pale kati ya 1966 na 1969 kutoka kwenye bustani za Ulaya na kuachiwa porini. Yupo pia nzohe, swala anayeishi kwenye maji na mafunjo, pamoja na fisi maji, na kwazi ni wengi. Msituni mwanga ni mdogo, na kuwafuata sokwe kunahitaji miguu mizuri. Lakini kwa anayependa ndege na utulivu, kukaa ufukweni pale tu kunatosha. Njia ya kawaida hupita Geita, kisha boti. Panga kupitia ofisi za hifadhi mapema. Usifike ufukweni na kuanza kutafuta mtumbwi.

Ninaruhusiwa kuwapiga picha wavuvi?

Omba kwanza. Salimu, *mwangaluka* ikiwa ni asubuhi na uko kwa Wasukuma, eleza kwamba umestaafu na unapiga picha za ziwa, na waoneshe ulizopiga. Umri wako utakufungulia milango. Kijana akikuamkia shikamoo ameshakupa nafasi ya kuzungumza naye kama mzazi, usiitumie vibaya kwa kumpiga picha bila ridhaa. Mvuvi akikataa, kubali mara moja. Huenda amechoshwa na watu wanaochukua picha na kutoweka. Ukikubaliwa, rudi na nakala iliyochapishwa. Hakuna kitu kinachofurahiwa mwaloni kama picha ya karatasi. Watoto usiwapige picha bila mzazi kuwepo.

Taa za wavuvi wa dagaa usiku hazihitaji ruhusa ya mtu, ziko mbali. Huvua usiku wa giza, na mwezi ukiwa mpevu wengi hupumzika, kwa hiyo angalia kalenda. Weka kamera kwenye tripodi, ile stendi ya miguu mitatu, shata ifunguke sekunde 10 hadi 20, tumia saa ya kuchelewesha ya sekunde 2 ili kidole chako kisitikise kitu. Upeo wa macho utajaa nukta za mwanga.

Sheria inasemaje?

Picha zako binafsi za mandhari na wanyama hazina tatizo. Usielekeze kamera kwenye kambi za jeshi, vituo vya polisi na magereza. Uwanja wa ndege na bandari, uliza kwanza. Droni huhitaji kibali, na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania ndiyo inayosimamia. Ndani ya hifadhi za taifa hairuhusiwi bila kibali maalumu. Kupiga picha au filamu za biashara hifadhini nako kuna utaratibu na malipo yake.

Usalama je?

Hapa naomba usome polepole.

Usisimame wala kupiga goti majini kwa ajili ya picha. Maji ya ukingoni yenye magugu na konokono yana kichocho, na dakika chache tu zinatosha kuambukizwa. Kwenye matete kuna mamba, na viboko hutoka kula majani jioni na kurudi alfajiri, saa zilezile unazozipenda wewe. Waulize wenyeji wa ufukwe husika kabla ya kukaa, na usikae kati ya kiboko na maji.

Kwenye boti vaa jaketi la kuokolea maisha muda wote, hata kama nahodha anacheka. Sisi wa ziwa hili tuliopoteza watu kwenye MV Bukoba mwaka 1996 na MV Nyerere mwaka 2018 hatuna sababu ya kuelezana zaidi. Usisimame mtumbwini kupiga picha. Boti ikijaa kupita kiasi, shuka.

Radi ikianza kusikika, teremka kwenye mwamba. Tripodi ya chuma juu ya jiwe refu kando ya maji ni mahali pabaya.

Mengine ni ya kawaida: mikono mirefu dhidi ya mbu jioni, maji ya kunywa, dawa zako, na kitu cha kula kama una kisukari. Nenda na mwenzako. Kamera ibebe kwenye mfuko wa kawaida usiotangaza kilichomo, na bodaboda awe yule unayemfahamu.

Familia inaona ninapoteza muda na fedha.

Mchukue mke au mume wako mara moja, asubuhi moja tu, mkiwa na chupa ya chai. Mjukuu naye mpe simu apige. Wengi hawapingi kamera; wanapinga kuachwa nyumbani.

Niitunzeje kamera kwenye vumbi na unyevu huu?

Unyevu wa ziwa huleta kuvu, na kuvu hupenda giza. Kamera isifungiwe kabatini kwa miezi. Iweke kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu na vifaa vya umeme, na vibadilishe mara kwa mara. Mchele usiutumie humo, una unga. Vumbi jekundu lipulize kwa kipulizio cha mpira kabla ya kufuta, maana ukifuta kwanza unakwaruza kioo. Usibadilishe lenzi kwenye upepo.

Nitajuaje jina la ndege niliyempiga picha?

iNaturalist, programu ya kutambua viumbe, ni bure: unaweka picha, mahali na tarehe, programu inapendekeza jina, kisha watu wanaojua wanathibitisha au kusahihisha. Upo pia mradi wa Tanzania Bird Atlas unaokusanya kumbukumbu za ndege nchi nzima. Kumbukumbu za ndege wa vijiji vya kando ya ziwa zina thamani kubwa, kwa sababu wageni wengi hupita wakikimbilia Serengeti. Mstaafu wa Nansio, Ukerewe, anayepiga picha ndege wa shamba lake mwaka mzima anaweza kuonesha ni lini wale kasuku wadogo wa kijani wenye uso wa chungwa wanakuja kwenye mtama na lini wanaondoka. Andika daftarini jina la Kiswahili na la Kisukuma, Kikerewe au Kijita pia, kama wazee wa pale wanalijua.

Picha nizihifadhi wapi, na nizioneshe wapi?

Weka nakala mbili sehemu mbili tofauti, mfano diski ya nje nyumbani na nyingine kwa mtoto wako. Kadi ya kumbukumbu si ghala. Futa zilizoharibika kila jioni. Ukiacha zirundikane hutazigusa tena. Zilizo bora zichapishe kwa ukubwa wa A4 na uzitundike, kisha uone zipi hazikuchoshi baada ya mwezi.

Ukiziweka mtandaoni, taja Mwanza au Ukerewe inatosha. Usitaje mti wenye kiota cha kwazi wala tope analotagia korongo taji. Korongo taji wamo hatarini kutoweka, na moja ya sababu ni watu kuwakamata makinda na kuwauza. Kabla ya kupiga, zima pia kipengele cha mahali kwenye kamera ya simu, kwa sababu picha hubeba anwani hiyo ndani yake hata kama hukuiandika.